Ng'ombe Wenye Misuli Maradufu: Nyama Nyingi na Uzazi Mgumu

Tuseme kijana mmoja arudi nyumbani kutoka mjini, amwonyesha baba yake picha ya fahali wa Ubelgiji. Mzee aitazama kwa muda mrefu. Aona mnyama mweupe mwenye madoa ya rangi ya buluu, mapaja yake yamefura kama magunia yaliyoshindiliwa mahindi, na kati ya msuli na msuli pana mfereji kama ule ulio kati ya tuta na tuta shambani. Ngozi ni nyembamba, mafuta hayaonekani. "Mwanangu," auliza mzee, "mnyama huyu ana ugonjwa gani?" Kijana acheka, amjibu, "Hana ugonjwa, baba. Hiyo yote ni nyama." Mzee afikiri, kisha auliza swali la pili: "Na mama yake alimzaaje?"

Swali hilo la pili ndilo somo letu la juma hili, nalo ni swali la mfugaji hasa. Mchinjaji humtazama ng'ombe jinsi alivyo siku ya mwisho. Mfugaji yampasa kumtazama tangu siku ya kwanza. Ndama akikwama njiani akafa, na mama akafa pamoja naye, hapana nyama ya kupima wala maziwa ya kukama.

Walikotoka

Wanyama wa namna hii hawakuanza jana. Mkulima mmoja Mwingereza, George Culley, aliandika habari zao mwaka 1807. Siku zile walizaliwa mmoja mmoja katika makundi ya kawaida, na watu waliwaona kuwa kioja. Katika jimbo la Piemonte, nchini Italia, fahali mwenye mapaja makubwa kupita kiasi alionekana mwaka 1886 katika kijiji cha Guarene, karibu na mji wa Alba. Wafugaji walipenda umbo lake, wakautafuta uzao wa namna hiyo, na baada ya miaka mingi ng'ombe wa Piemonte wote wakawa na umbo hilo.

Ubelgiji nako ng'ombe walikuwa wa kazi mbili, maziwa na nyama, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wakaanza kuchagua kwa makusudi mafahali wenye misuli mikubwa. Wachinjaji waliwalipa vizuri, na bei nzuri ni mwalimu mkali. Katika miaka kama thelathini hivi karibu jamii nzima iligeuka, na leo ng'ombe hao, ambao twaweza kuwaita Buluu wa Ubelgiji, wajulikana duniani kote kwa misuli yao.

Neno "maradufu" lisimdanganye msomaji. Mnyama huyu hana misuli miwili mahali pa mmoja. Misuli yake ni ile ile ya ng'ombe wengine, ila mingi imekuwa mikubwa, hata jumla yake yapata kuzidi ya kawaida kwa sehemu 20 katika 100. Tena, ukikata kipande cha msuli huo na kukitazama kwa hadubini, utaona ya kuwa ukubwa wake watokana hasa na wingi wa nyuzi, wala si unene wa kila uzi peke yake. Nalo ni jambo kubwa, kwa sababu idadi ya nyuzi za msuli huwekwa ndama akiwa bado tumboni. Akisha kuzaliwa, nyuzi zake hunenepa na kurefuka, lakini hazizaliani tena kwa wingi. Basi ule utajiri wa nyama ambao mchinjaji atauona baadaye huanzia ndani ya mama, kabla ya siku ya kuzaa.

Breki iliyokatika

Mwili wa mnyama una njia zake za kukuza misuli, na pia una njia za kuizuia isikue kupita kiasi. Mojawapo ya vizuizi hivyo ni protini iitwayo miostatini, ambayo misuli yenyewe huitengeneza. Kazi yake ni kama breki ya gari lishukalo mlimani: haisimamishi mwendo, bali huupima. Breki ikikatika, gari hukimbia.

Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, waliwaondolea panya jeni inayotengeneza protini hiyo. Panya wale wakakua na misuli mikubwa mara mbili hata mara tatu ya kawaida. Watu waliowajua ng'ombe wa Ubelgiji hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwaka ule ule wataalamu wa Liège nchini Ubelgiji, pamoja na Michel Georges, na wengine wa Marekani na New Zealand, walitafuta jeni hiyo katika ng'ombe, wakaikuta imeharibika.

Jeni ni kama maagizo yaliyoandikwa kwa herufi, yanayoueleza mwili jinsi ya kutengeneza kitu fulani. Katika Buluu wa Ubelgiji, herufi 11 zimedondoka katikati ya maagizo hayo. Mfano wake ni barua iliyokatwa kipande: maneno yanayofuata hayana maana tena, na breki haitengenezwi. Katika ng'ombe wa Piemonte ni herufi moja tu iliyobadilika, lakini imebadilika mahali pabaya, na protini inayotengenezwa haifanyi kazi. Kwa hiyo jamii hizi mbili zafanana umbo ingawa kasoro zake hazikuwa moja. Ziko kasoro nyingine za jeni hiyo hiyo katika jamii nyingine za Ulaya. Charolais wa Ufaransa wengine wanayo yao.

Hata mbwa amekutwa na jambo hili. Mbwa wa mbio wa Kiingereza waitwao whippet, yule mwenye kasoro hii kutoka kwa mzazi mmoja hukimbia kuliko wenzake, bali yule aliyeipata kwa wazazi wote wawili huwa mnene wa misuli kama mbeba mizigo wa bandarini. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2007. Naitaja kwa sababu yaonyesha wazi jambo linalofuata: kuipata jeni hii mara moja na kuipata mara mbili si jambo moja.

Hesabu ya maharagwe

Kila ng'ombe hubeba nakala mbili za jeni hii: moja alipewa na baba, moja alipewa na mama. Naye akizaa humpa mtoto wake moja tu katika zile mbili, bila kuchagua. Ili kulifahamu jambo hili, chukua maharagwe ya rangi mbili. Haragwe jeupe liwe jeni nzima, yenye breki. Haragwe jekundu liwe jeni iliyoharibika. Ng'ombe wetu wa kawaida ana maharagwe mawili meupe. Buluu wa Ubelgiji ana mawili mekundu.

Ukimpandisha ng'ombe jike wa kawaida kwa fahali wa Ubelgiji, mama atatoa jeupe, maana hana jingine, na baba atatoa jekundu, maana hana jingine. Ndama wote wa kizazi hicho watakuwa na jeupe moja na jekundu moja. Hapo breki ni nusu. Ndama huwa na nyama zaidi kidogo kuliko wa kawaida na mafuta machache zaidi, lakini hana yale mapaja ya kwenye picha. Huzaliwa mzito kidogo, na mara nyingi mama mwenye mwili mkubwa humzaa bila kupasuliwa.

Sasa mfugaji afurahi. Ndama wamekua vizuri, mitamba wapendeza, naye awaza: "Kama nusu imefaa, nzima itafaa zaidi." Awaweka mitamba hao, kisha awapandisha kwa fahali yule yule wa Ubelgiji au mwingine kama yeye. Hapo ndipo shimo lilipo. Mtamba ana jeupe moja na jekundu moja. Fahali ana mekundu mawili. Kwa wastani nusu ya ndama watapata mekundu mawili. Nusu ya ndama watakuwa na misuli maradufu kamili, nao watapita katika nyonga ya mtamba chotara ambaye hajazaa hata mara moja.

Na kama akimpandisha mtamba chotara kwa fahali chotara, katika kila ndama wanne mmoja kwa wastani atakuwa na mekundu mawili, wawili watachanganya, na mmoja atakuwa na meupe mawili. Nasema kwa wastani. Mtu mwenye ng'ombe wanne huenda asipate hata ndama mmoja wa misuli maradufu, na jirani yake akapata watatu. Asiyeijua hesabu hiyo atasema jirani amelogwa.

Hesabu hii haikubuniwa mezani. Kabla jeni yenyewe haijajulikana, Roger Hanset na Charles Michaux wa Ubelgiji waliwapandisha ng'ombe wa Friesian kwa mafahali wa misuli maradufu, kisha machotara wakapandishwa tena kwa mafahali kama wale, na ndama wao wakahesabiwa. Walipoitangaza hesabu yao mwaka 1985, ilikuwa dhahiri ya kuwa jambo hili kubwa laendeshwa na jeni moja. Miaka 12 baadaye jeni ikapatikana.

Kwa nini kuzaa ni taabu

Ng'ombe wa kawaida akizaa, miguu ya mbele ya ndama hutangulia, kichwa kimelala juu yake, kisha huja mabega, kifua, na mwisho nyonga. Sehemu mbili zilizo ngumu ni mabega na nyonga. Ndama wa misuli maradufu amenenepa papo hapo penye ugumu: mabegani na mapajani. Mara nyingi uzito wake huwa kati ya kilo 40 na 50, nao uzito huo hauko katika urefu wala katika tumbo linalobonyea. Uko katika misuli iliyokaza.

Hiyo ni nusu ya taabu, nusu ambayo watu huiona upesi. Nusu ya pili hukaa kwa mama. Mama aliye wa misuli maradufu yeye mwenyewe ana tundu la nyonga lililo dogo kuliko la ng'ombe wa kawaida wa ukubwa wake. Mnyama ameongezeka kwa nje, lakini lango la ndani limepungua. Kwa hiyo ndama mpana huja kwenye mlango mwembamba, na sababu ya upana huo na ya wembamba huo ni jeni moja. Wafugaji waliochagua misuli kizazi baada ya kizazi walikuwa wakivuta ncha zote mbili za kamba bila kujua.

Matokeo yake ni kwamba huko Ubelgiji ng'ombe hawa, zaidi ya 90 katika kila 100, hawazai kwa njia ya kawaida; hupasuliwa. Kule si jambo la hofu, ni desturi ya shamba. Daktari wa mifugo huitwa siku ikifika. Ng'ombe akiwa amesimama, hunyolewa nywele za ubavu wa kushoto, huchomwa sindano ya ganzi, ubavu hupasuliwa, mji wa mimba hufunguliwa, ndama hutolewa, kisha kila tabaka hushonwa kwa zamu yake. Daktari aliyezoea humaliza kazi hiyo kwa muda usiozidi saa moja, na ng'ombe wengi hupona. Yuko ng'ombe anayepasuliwa mara kadhaa maishani mwake. Lakini kila kidonda huacha kovu, kila kushonwa kwahitaji dawa na uangalizi, na baada ya kupasuliwa ng'ombe huweza kukawia kushika mimba nyingine.

Wazungu wenyewe wamebishana sana juu ya desturi hii. Wengine wauliza kama ni haki kumfuga mnyama ambaye kwa kawaida hawezi kuzaa bila kisu. Nchini Uswidi sheria ilijaribu kuzuia mbegu za mafahali hawa, na shauri likafika mbele ya Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 1998 iliamua ya kuwa nchi moja haiwezi kuzizuia kwa sababu hiyo, maadamu jamii yenyewe imekubaliwa kwa kanuni za Ulaya nzima. Mahakama ilijibu swali la biashara. Swali la mnyama mwenyewe bado laulizwa.

Taabu haziishi ndama akitoka. Wengine huzaliwa na ulimi mkubwa mno hata hawawezi kunyonya vema, na wengine miguu yao ni dhaifu. Ng'ombe jike hutoa maziwa machache, hata huko kwao ndama wengi hulishwa kwa ndoo. Moyo na mapafu ni madogo kwa kulinganisha na mwili mkubwa vile, kwa hiyo mnyama huchoka upesi, hushindwa na joto upesi, na maradhi ya kifua humsumbua. Tumbo lake nalo ni dogo, hula kidogo. Kweli, kila kilo ya chakula huigeuza nyama vizuri kuliko ng'ombe mwingine, lakini chakula hicho lazima kiwe kizuri. Hana akiba ya mafuta mwilini ya kumvusha wakati wa njaa.

Kituo cha utafiti cha Clay Center, katika jimbo la Nebraska huko Marekani, kililinganisha ndama wasio na nakala yoyote iliyoharibika, wenye moja, na wenye mbili. Wenye moja walikuwa na nyama zaidi na mafuta machache. Wenye mbili walikuwa na nyama nyingi kuliko wote, lakini kabla ya kuachishwa kunyonya walikufa wengi kuliko wenzao. Habari za vifo hivyo zilitangazwa mwaka 2004.

Haki yataka nieleze pia faida. Fahali wa Ubelgiji akichinjwa, nyama pamoja na mifupa yake huweza kufika karibu kilo 70 katika kila kilo 100 za uzito wake akiwa hai, na ng'ombe wengi wa kawaida hawafiki 60. Nyama yenyewe ni laini, maana nyuzi za kano kati ya misuli ni chache, na mafuta ni kidogo sana. Mtu anayependa nyama iliyonona, inayotoa mafuta juu ya makaa, huenda asiifurahie. Ni jambo la ulimi.

Njia ambazo wengine wamezifuata

Ingekuwa kosa kudhani ya kuwa kila penye jeni hii pana kisu. Ng'ombe wa Piemonte wana maharagwe mekundu mawili kama wale wa Ubelgiji, lakini wengi wao huzaa wenyewe, au kwa kusaidiwa kidogo tu. Tofauti yatoka wapi? Wafugaji wa Piemonte walihesabu uzazi. Fahali hapimwi kwa mapaja yake peke yake. Huulizwa pia: je, ndama wake huzaliwa kwa urahisi? Na binti zake, je, wao huzaa kwa urahisi? Anayeshindwa katika maswali hayo hatumiwi sana. Wakaendelea hivyo miaka mingi, na ziko jeni nyingine nyingi ndogo ndogo, za upana wa nyonga na za uzito wa ndama, ambazo zilijikusanya upande wao. Ubelgiji, kwa kuwa daktari alikuwa karibu na kisu kilikuwa rahisi, watu hawakusukumwa kuuliza maswali hayo kwa nguvu ile ile. Jeni ni hali moja. Chaguo la watu lilikuwa tofauti.

Jambo jingine la kupendeza latoka Adelaide, Australia. Huko wataalamu walichunguza ng'ombe wa Limousin, wa asili ya Ufaransa. Nao wana badiliko katika jeni ya miostatini, lakini badiliko hili halikati breki kabisa, laipunguza nguvu tu. Katika taarifa zao za mwaka 2007 na 2008 walieleza ya kuwa badiliko hilo huongeza nyama, wala halikuonekana kuongeza uzito wa ndama anapozaliwa wala ugumu wa kuzaa. Mimi naona habari hii yastahili kusikilizwa na wafugaji wengi kuliko ile picha ya mapaja.

Na kuna onyo kutoka Ubelgiji penyewe. Katika kundi lao ilitokea kasoro ya jeni nyingine. Ng'ombe aliyeipata mara moja alizidi kidogo kuwa na misuli, basi wafugaji, bila kuijua, wakawa wanamchagua yeye. Aliyeipata mara mbili alizaliwa na mkia uliopinda na mwili uliodumaa. Jambo hilo lilipofumbuliwa mwaka 2009, hata ng'ombe mmoja katika kila wanne alikuwa mbebaji. Hakuna aliyetaka mikia iliyopinda. Walitaka nyama zaidi tu.

Katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, matumizi makubwa ya fahali wa Ubelgiji ni kwa ng'ombe wa maziwa. Mwenye Friesian huchagua majike ambao hataki mitamba kutoka kwao, huwapandisha kwa mbegu ya Ubelgiji, na ndama wote, madume kwa majike, huuzwa kwa nyama. Friesian ana mwili mkubwa na nyonga pana, ndama ana haragwe jekundu moja tu, na ukoo huo waishia kwa mchinjaji. Hesabu ya kizazi cha pili haifanywi kamwe.

Kwa mwenye kundi hapa kwetu

Tangu kituo cha mbegu za mafahali kilipofunguliwa Kabete mwaka 1946, wafugaji wa Kenya wamezoea kupandisha ng'ombe bila fahali mwenyewe kuwako. Mbegu husafiri mbali, na fahali aliye Ubelgiji aweza kuwa baba wa ndama aliye katika nchi ambayo hataiona. Kwa hiyo mambo haya si ya watu wa mbali tu.

Fahali wa namna hii asipandishwe kamwe kwa mtamba ambaye hajazaa. Hata ng'ombe wadogo wa Zebu wasipelekwe kwake, maana wao huzaa kwa urahisi kwa sababu ndama wao wa asili ni wadogo, si kwa sababu mlango wao waweza kupitisha chochote. Boran ni mkubwa zaidi, lakini yeye husifiwa kwa kutembea mbali kutafuta maji, kustahimili jua, na kuishi kwa nyasi kavu. Na hayo ndiyo mambo ambayo misuli maradufu huyapunguza. Mwenye malisho makame na anayetaka kukuza kundi lake, simwoni ana kazi gani na mbegu hii. Mwenye ng'ombe wa maziwa wakubwa, aliye na soko la nyama karibu na daktari wa mifugo karibu, yeye aweza kuijaribu kwa jike aliyekwisha zaa mara mbili tatu bila shida.

Akiijaribu, na aandike tarehe ya kupandisha, ili siku za mwisho asiwe safarini. Asimnenepeshe jike kupita kiasi, maana mafuta huibana njia. Wala asimnyime chakula akidhani ndama atakuwa mdogo, kwa kuwa jike dhaifu hana nguvu za kusukuma. Amweleze daktari mapema. Na mitamba watakaozaliwa wauzwe kwa nyama pamoja na ndugu zao madume, hata kama wapendeza namna gani, na hata kama watoto wa nyumbani wamekwisha wapa majina.

Siku ya kuzaa, chupa ya maji ikisha kupasuka na ng'ombe akasukuma kwa bidii muda wa saa moja bila ndama kusogea, mwite daktari; usingoje jua lichwe. Kabla ya kuvuta, nawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, kisha hakikisha ya kuwa miguu miwili ya mbele na kichwa vyote vimeelekea nje. Tazama ile miguu: ikiwa yapishana, mmoja juu ya mwingine, huenda mabega yamebanwa na nafasi ni ndogo. Watu wawili wakivuta kwa mikono, ng'ombe anaposukuma tu, na kuelekeza chini kuliko nyuma, wametumia nguvu yote inayofaa. Wako watu ambao wamefunga kamba kwenye gari au kwenye maksai. Ndama hutoka kweli, mara nyingi akiwa amekufa, na mama hubaki amelala asiweze kuinuka, maana mishipa ya fahamu inayopita nyongani imepondwa.

Mwisho, kabla ya kununua mbegu au fahali wa aina yoyote ya Ulaya, muulize mwuzaji maswali mawili. La kwanza: fahali huyu ana nakala ngapi za jeni iliyoharibika, hapana, moja, au mbili? Siku hizi jambo hilo hujulikana kwa kupima damu au nywele chache zilizong'olewa pamoja na mashina yake, kwa hiyo mwuzaji hana udhuru. La pili: ndama wake huzaliwa kwa urahisi kiasi gani, na binti zake je? Vituo vizuri vya mbegu huwa na takwimu za uzazi kwa kila fahali, zimeandikwa kando ya jina lake. Mwuzaji akikuonyesha picha ya mapaja badala ya takwimu hizo, mrudishie picha yake.